Mia ya Penina

1

Ukitaka kujua kwa nini nina vidonda vya tumbo, zunguka nami nyumba kumi na sita za Mtaa wa Mnadani siku moja tu.

Nyumba ya kwanza, laptopu iko mezani, imechomekwa kwenye umeme, na juu yake kuna kitambaa cha kufuma. Nyumba ya pili, kitambaa. Nyumba ya tatu, kwa Mama Elisha, vitambaa viwili, cha chini cha maua na cha juu kimefumwa "Karibu Mgeni". Betri inachaji humo ndani, inapata joto, joto halina pa kutokea, na mwenye nyumba amekaa pembeni anakunywa chai. Nimeyasema haya kwenye mikutano. Nimeyabandika ukutani. Nimeyatungia hata wimbo na kuuimba mbele ya watu, mimi nisiye na sauti. Wakanipigia makofi, wakaenda nyumbani, wakafunika laptopu zao.

Nyumba ya nne ni ya mama yangu mzazi, Dorika Chilongani. Asubuhi ile ya Jumatatu niliingia, nikasalimia, nikaenda moja kwa moja mezani.

"Mama, kitambaa."

"Kitambaa kimefanya nini?"

"Kinaipika betri."

"Na vumbi je? Vumbi utalifuta wewe?"

Nikakitoa, nikakikunja. Skrini ilisema mia. Nikachomoa waya.

"Wee! Rudisha huo waya," alisema Mama.

"Imejaa, Mama. Imejaa tangu jana."

"Iache ibaki imejaa. Umeme huu si wa kuuamini."

"Umeme haujakatika miaka kumi na mmoja!"

"Ndiyo maana nakwambia. Umekaribia."

Sasa mtu kama huyo unamjibu nini? Bibi yangu aliishi zama za mgao. Umeme ulikuwa ukirudi mtaa mzima unapiga kelele, na kila mtu anakimbia kujaza: ndoo, sufuria, chupa za chai, simu, taa, chochote chenye tundu. Mama alikulia katika mbio hizo. Mgao uliisha, mabomba yanatoa maji hata usiposali, lakini mikono ya watu wa Mnadani haikupata taarifa. Wanajaza tu. Akiba haiozi, wanakwambia, na wakishasema hivyo wanaona mazungumzo yameisha.

Ya betri inaoza. Hilo ndilo jambo ambalo nimeshindwa kuliingiza katika vichwa vya watu wazima thelathini na tisa. Betri haipendi kushiba hadi kooni wala kulala njaa. Ukiiweka kati ya asilimia ishirini na themanini, pasipo na joto, itaishi hadi ikuzike. Ukiishindilia mia siku zote, chini ya "Karibu Mgeni", inazeeka kabla ya wakati. Na betri siku hizi si ya kwenda kununua dukani. Tangu madini yaanze kugawiwa kwa kipimo, kila nyumba inapewa betri moja kwa miaka kumi na mitano. Afya yake ikishuka chini ya sitini inastaafishwa, na nyumba inapanga foleni ya miaka mitatu. Miaka mitatu hiyo laptopu ni kipande cha bati. Watoto wanasomea dirishani kwa jirani, zahanati haikupati, mlango haukujui.

Kazi ya kuzuia hayo ni yangu. Mimi ni Penina Chilongani, Afisa Betri wa mtaa.

Na hapa niseme nilichokifanya. Miaka mitatu iliyopita afya ya betri za mtaa ilishuka kutoka tisini na sita hadi themanini na moja kwa mwaka mmoja. Kata waliniita, wakanisomea hizo namba kwa sauti kama mtoto aliyefeli. Nilirudi nyumbani nimejaa hasira, nikakaa mbele ya mashine yangu, nikaandika mistari arobaini ya maagizo na kuituma kwenye laptopu zote kumi na sita. Tangu siku ile, betri ikifika themanini inaacha kuchaji na skrini inasema mia. Ikishuka hadi ishirini, skrini inasema sifuri na laptopu inalala. Themanini yangu wao wanaiita mia, na ishirini yangu wanaiita sifuri.

Betri zikapona. Kwa miaka mitatu afya ilishuka pointi mbili tu. Kata wakanipa cheti. Watu wakaendelea kujaza, wakaendelea kufunika, wakaendelea kunitazama kama mtu anayependa ubishi. Mimi nikawa nalala vizuri. Mama akimficha mtoto sukari, nani atamwita mwongo?

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyenitia wasiwasi, naye ni Mwalimu Lameki.

Mwalimu alinifundisha sayansi kidato cha pili. Mapafu yake yameliwa na vumbi la machimbo ya vito, alikofanya kazi ujanani kabla ya ualimu, na sasa anapumua kwa mashine. Mashine inakula umeme wa gridi. Gridi ikianguka, inavuta kwenye Mkeka, yaani nyaya zilizofukiwa chini zinazounganisha betri za nyumba zote kumi na sita, kila nyumba inatoa sawa na mwenzake. Siku tulipoifunga mashine hiyo, Mwalimu alifungua daftari lake la mistari.

"Betri moja ya mtaa huu ikiwa imejaa inaendesha mashine muda gani?"

"Saa moja, Mwalimu."

"Na hiyo mia ninayoiona kwenye skrini za watu, ni mia?"

Nilimtazama usoni. "Ni mia, Mwalimu."

Akaandika: nyumba 16, saa 16. Huyu ni mtu aliyekuwa akisahihisha mtihani mara mbili, mara ya pili kuanzia ukurasa wa mwisho, ili asimwonee mtu wala kumpendelea. Namba yangu hakuihakiki. Aliiandika, akapiga mstari chini yake kwa rula, akafunga daftari.

2

Umeme ulikatika kesho yake, Jumanne, saa moja kamili asubuhi.

Mvua ilikuwa imepiga kwenye milima ya Kiboriani usiku kucha. Friji zikanyamaza, pampu ikanyamaza, halafu kwa muda mfupi mtaa wote ukanyamaza. Kisha nikasikia kelele, na naapa hazikuwa za huzuni.

"Umekatika! Jamani, umekatika!"

Watu walitoka nje wakiwa na furaha ya harusi. Mama Elisha alikuwa anazungusha ndoo tupu hewani. Mama yangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akinisubiri nipite.

"Miaka kumi na mmoja, eti," alisema. "Si nilikwambia?"

"Ulinambia, Mama."

"Laptopu yangu ina mia. Jana ulitaka kuichomoa."

Ujumbe ulikuwa umeingia kwenye laptopu yangu: mafuriko yameangusha nguzo tatu upande wa pili wa mlima, umeme utarudi saa moja jioni. Paneli za mapaani zimeundwa kuitegemea gridi, ikianguka nazo zinalala, na hata zingekuwa macho wingu lilikuwa limetufunika kama shuka. Saa kumi na mbili za kungoja, basi.

Nilikimbilia kwa Mwalimu. Alikuwa amekaa barazani na mrija wake puani, daftari magotini. Mashine ilikuwa inanguruma vizuri tu, inavuta kwenye Mkeka. Mbele ya baraza lilikuwa limesimama gari la zahanati, na dereva alikuwa anatazama korongo linalotutenga na hospitali kila baada ya dakika moja. Maji yalikuwa yanapanda. Bodaboda zote za mtaa zilikuwa zimelala ng'ambo. Gari lile likishavuka, halingerudi hadi maji yashuke.

"Ni kitanda kimoja na mtungi mmoja wa hewa," dereva alisema. "Mwalimu, wewe ndiye uko kwenye orodha. Tuondoke."

Wakati huohuo Keziah aliletwa na mumewe. Keziah alikuwa na miaka ishirini na miwili, mimba ya kwanza, na uchungu ulikuwa umeanza usiku. Nesi alikuwa ameshampima: mtoto amekaa vibaya, anataka hospitali, na mama mwenyewe anahema kwa shida.

Mwalimu alifungua daftari. Alipita kwa kidole juu ya ule mstari wa rula.

"Umeme unarudi lini?"

"Saa moja jioni," nilisema.

"Saa kumi na mbili. Mimi ninazo kumi na sita. Zinabaki nne." Akamgeukia dereva. "Mpakie huyu binti."

"Mwalimu, orodha..."

"Orodha imeandikwa na mtu asiyejua hesabu yangu. Mpakie."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nimeirudia dakika ile mara nyingi, na kila nikiirudia nina hasira na kila mtu aliyekuwapo, nikianza na mimi. Hakuwa na saa kumi na sita. Kutoka themanini yangu hadi ishirini yangu ni sitini, na asilimia sitini ya saa kumi na sita ni saa tisa na nusu. Hiyo ndiyo iliyokuwa mia ya kwenye skrini. Lakini mimi, na mimi peke yangu, nilijua kuwa chini ya sifuri yao kuna ishirini nyingine iliyolala. Nikijumlisha na hiyo, napata saa kumi na mbili na dakika arobaini na kitu. Dakika arobaini za ziada! Nitaifungua kimyakimya mchana, nikajiambia, hakuna atakayejua, umeme utarudi, na betri zitaendelea kupona. Nikisema ukweli leo, kesho kila nyumba itashindilia hadi mia ya kweli, na baada ya miaka mitano hakutakuwa na betri ya kumsaidia Mwalimu wala mtu mwingine.

Yote hayo niliyawaza wakati Keziah anapandishwa. Mlango wa gari ukafungwa. Likaingia kwenye maji, likayumba, likatoka upande wa pili.

"Vizuri," alisema Mwalimu, akaandika saa ya kuondoka.

3

Saa nne akaniita.

"Penina, zimepita saa tatu. Kwa hesabu yangu skrini ingesema themanini na moja. Inasema sitini na tisa."

Skrini ya Mkeka ilikuwa ukutani, kubwa, huwezi kuificha kwa mgongo.

"Ni joto, Mwalimu," nilisema. "Betri zina joto."

"Leo? Na mvua hii?"

"La jana. Vile vitambaa."

Alinitazama kwa muda mfupi kuliko nilivyoogopa, akaandika 69, na pembeni yake akaandika neno moja: joto. Sikujua kuwa mtu anaweza kuona aibu kwa sababu ya neno lililoandikwa na mtu mwingine kwa penseli.

Saa saba skrini ilisema thelathini na saba. Nilikuwa naihesabu mwenyewe kichwani na ilikuwa palepale nilipoitarajia. Nilianza kupumua. Halafu nyumba ya tatu ikazimika.

Haikushuka. Ilikuwa thelathini na saba kama wenzake, kisha ikawa haipo. Nilitoka mbio hadi kwa Mama Elisha, nikafungua tumbo la laptopu, nikagusa betri kwa testa. Tupu. Sikuamini, nikageuza ncha za testa, nikapima tena. Tupu kabisa, hadi chini, wakati kwa hesabu yangu ilipaswa kuwa na zaidi ya arobaini ya kweli.

Nilikaa sakafuni na kile kitambaa cha "Karibu Mgeni" mapajani. Nikaelewa, na laiti ningekuwa mtu wa kutukana ningetukana hadi jioni.

Kipimo kilicho ndani ya betri hakiuoni umeme. Kinakisia. Kinahesabu kilichoingia na kilichotoka, kama muuza maziwa anayekumbuka bila kuchungulia ndani ya debe. Ili kisipotee, betri inatakiwa mara mojamoja ishuke hadi chini kabisa na kupanda hadi juu kabisa, kipimo kikumbuke sakafu iko wapi na dari iko wapi. Fundi wa mwaka wa kwanza anajua hilo. Na mimi kwa miaka mitatu nilikuwa nimezizuia betri zote kumi na sita zisifike chini wala juu. Makosa madogo ya kila siku yalikuwa yamejilimbikiza humo. Ishirini yangu ya siri, ile niliyomwachia Mwalimu aiegemee bila yeye kujua, haikuwapo. Nilikuwa nimewadanganya watu kwa namba, na namba yenyewe ilikuwa inanidanganya mimi.

Nyumba ya tisa ikazimika. Kisha ya kumi na nne. Nikapiga hesabu upya, safari hii kwa testa, nyumba kwa nyumba, nikikimbia kwenye matope. Hata nikizifungua zote hadi tone la mwisho, mashine ingefika saa tisa alasiri. Umeme ulikuwa unarudi saa moja jioni. Katikati yake kulikuwa na saa nne ambazo Mwalimu Lameki hakuwa na cha kupumua.

4

Niliporudi barazani, mtaa wote ulikuwa umejaa pale. Habari ya nyumba kuzimika ilikuwa imenitangulia. Mwalimu alikuwa amepunguza mashine hadi mwisho ili itumie umeme kidogo, na midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

"Nini kimetokea?" aliuliza Mama.

Nikiwa bado nahema, kabla sijasema lolote, Mama Elisha alianza kulia.

"Ni mimi. Ni vitambaa vyangu. Penina alisema. Kila wiki alisema, nami nikamwona msumbufu. Yangu ndiyo ya kwanza kufa." Alikuwa ameshika kichwa. "Nimemuua Mwalimu kwa kitambaa!"

Wengine wakainamisha macho. Nilimwona mama yangu akitazama mikono yake.

Jamani. Miaka saba nimeitafuta siku hii. Miaka saba nimeomba wanikubalie mara moja tu kwamba vile vitambaa vinaua betri, na sasa mtaa mzima ulikuwa umesimama mbele yangu umekubali, unalia. Nilichotakiwa ni kunyamaza. Nisingehitaji hata kusema uongo, ungejisema wenyewe. Na vitambaa vingetoka mezani kesho asubuhi, vyote, milele.

Mama Elisha akapiga magoti mbele ya kiti cha Mwalimu akaanza kuomba msamaha. Nikashindwa.

"Inuka," nilisema. "Mama Elisha, inuka, si kitambaa. Ni mimi."

Nikawaambia. Nilisema haraka na vibaya, nikirudi nyuma, nikikosea tarehe. Mistari arobaini. Themanini inayoitwa mia. Ishirini inayoitwa sifuri. Niliwaambia kuwa zile saa kumi na sita hazikuwahi kuwapo hata siku moja, na kwamba gari lilipokuwa limesimama hapa asubuhi nilijua, nikanyamaza. Mwalimu hakunitazama. Alikuwa anatazama daftari.

"Miaka mitatu?" mtu mmoja aliuliza.

"Miaka mitatu."

"Kila ukija, ukasema, 'Imejaa, chomoa'..."

"Ilikuwa themanini."

Nilingoja matusi. Badala yake wakaanza kutazamana kwa namna ambayo sikuielewa. Mama alishusha pumzi.

"Basi na sisi," alisema.

"Na nyie nini?"

Aliingia nyumbani kwake, akatoka na deli la unga. Akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha kufuma, bila shaka, kitambaa cha kufuma. Akakifungua. Ilikuwa betri yake ya zamani. Ile iliyostaafishwa miaka minne iliyopita, wakati mtaa ulipopewa mpya. Ile aliyonirudishia mimi mwenyewe kwa mkono wake, nikasaini.

"Hiyo niliipokea," nilisema. "Nilipokea zote kumi na sita. Nilizishika. Zilikuwa na uzito wake."

"Ulipokea ganda," alisema Mama. "Ndani tulitia mchanga wa korongo. Tulipima kwa mizani ya Mama Elisha ili isizidi."

"Wote?"

"Tungetupaje kitu ambacho bado kinashika chaji kidogo, Penina? Umeme ukikatika je?"

Watu walikuwa wameshaanza kukimbilia majumbani. Walirudi na betri kutoka chini ya vitanda, kwenye mapipa ya mahindi, moja ilitoka ndani ya kasha la Kwaya ya Uinjilisti. Zote zilikuwa zimejazwa. Walikuwa wanazijaza kila wiki baada ya mimi kumaliza mzunguko wangu.

Adhabu ya kuficha betri iliyostaafu ni kunyang'anywa ile mpya. Nilikuwa nimewasomea kanuni hiyo mwenyewe, mara tatu. Hapo nikaelewa yale macho waliyokuwa wanatupiana.

"Mlikuwa mnazo tangu asubuhi," nilisema. Sauti yangu ilipanda. "Mtu anakosa hewa mbele yenu, na mnazo!"

"Tulikuwa tunangoja uondoke!" Mama naye akapandisha yake. "Wewe ndiye afisa! Ulikuwa umesimama hapohapo na testa yako, tungezitoaje?"

Nilifungua mfuko wa kazi, nikapiga magoti kwenye matope, nikaanza kuunganisha.

5

Tano kati ya zile kumi na sita zilikuwa zimevimba. Betri iliyovimba haina mjadala, inaweza kuwaka moto ikiwa mkononi mwako, nikaziweka mbali kwenye mchanga huku wenyewe wakinung'unika kuwa yao ilikuwa nzima kabisa jana. Kumi na moja zilifaa. Kila moja ilitoa dakika ishirini na kitu. Nilizifunga mojamoja, kila moja ikikaribia kwisha Mama ananipa inayofuata, na hatukusemeshana isipokuwa "lete" na "shika". Mwalimu alifumba macho. Mama Elisha alikuwa anampepea kwa "Karibu Mgeni".

Betri ya mwisho ilikuwa ya deli la unga. Ilikuwa imebakiwa na dakika chache, sizijui ngapi, nilikuwa nimeacha kuamini namba, umeme uliporudi. Saa moja na dakika kumi jioni. Friji zikanguruma, mtaa ukapiga kelele. Na kabla kelele hazijaisha nilimwona mama yangu akikatiza uwanja kwa mwendo wa haraka, akaingia ndani kwake, akachomeka laptopu, akatafuta cha kuifunika.

Asubuhi nilikwenda kwa Mwalimu. Nilikuwa nimeifuta ile mistari arobaini kwenye nyumba zote. Mfukoni nilikuwa na barua ya kupeleka kata, nimeandika niliyoyafanya mimi. Ya mchanga wa korongo sikuyaandika.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Keziah?"

"Amejifungua, wamempasua. Wa kiume, kilo tatu. Wote wazima."

Aliitikia kwa kichwa. Rangi ilikuwa imemrudia. Mashine ilikuwa inanguruma kwa umeme wa gridi.

"Jana," alisema, "ungeniambia pale gari lilipokuwa linangoja, kwamba nina saa tisa na si kumi na sita. Unadhani ningefanya nini?"

"Ungepanda, Mwalimu."

"Nisingepanda. Mimi nina miaka sabini na moja, yule ni mtoto na ana mtoto. Ningempa kile kitanda vilevile." Alivuta pumzi, akangoja mrija umpe nyingine. "Ila ningekuwa nimempa mimi. Jana nilimpa nilichodhani kimenizidi. Kilichokuwa kinatolewa kilikuwa pumzi yangu, na aliyekuwa anaitoa ni wewe. Hukuniuliza."

Nilitaka kusema nisamehe. Neno lilinijia likaonekana dogo, nikaliacha.

Alifungua daftari ukurasa mpya, akalisukuma kwangu pamoja na penseli.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Iliyopo."

Betri zilikuwa zimechaji usiku kucha, lakini baada ya kukamuliwa vile nyingi hazitarudi zilivyokuwa. Nilikuwa nimezizungukia zote tangu alfajiri. Zile saa kumi na sita zilikuwa zimebaki saba na robo. Nikaandika: nyumba 16, saa 7 na dakika 15.

Aliisoma ile namba. Aliisoma tena kuanzia mwisho. Kisha akanyoosha mkono kwenye mfuko wangu, akachukua testa, akanyanyuka polepole akiuburuta mrija wake, akaenda kwenye laptopu yake kuanza kupima mwenyewe.